Kloridi, iodini na floridi: jinsi umeme unavyohesabu chumvi ndani ya maji

Sisi wahamasishaji wa afya huku Rwimbogo, wilaya ya Rusizi ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, tunaulizwa maswali yanayofanana kila mara tunapopita kwenye bomba la maji au kwenye foleni ya mgao. Mmoja anasema: "Maji haya yana ladha ya chumvi, basi yametiwa klorini." Mwingine anauliza: "Chumvi hii ya mgao ina iodini kweli, au ni maandishi tu kwenye mfuko?" Mzazi aliyetoka upande wa Goma anauliza kwa nini meno ya mtoto wake yana madoa ya kahawia.

Maswali hayo matatu ni ya ukoo mmoja. Yote yanahusu chumvi za aina moja zilizoyeyuka ndani ya maji, na yote yana jibu moja la kuanzia: inategemea ni kiasi gani. Somo la leo linaeleza jinsi maabara inavyopata kiasi hicho kwa kutumia dawa ya matone pamoja na umeme. Atakayelisoma mpaka mwisho ataweza kusoma karatasi ya majibu ya maji au ya chumvi na kuuliza maswali ya maana.

1. UKOO WA HALOJENI

Kuna elementi nne tutakazozitaja: florini, klorini, bromini na iodini. Huitwa halojeni, maana yake "zinazozaa chumvi". Zikiwa peke yake ni kali. Klorini ni gesi yenye sumu, nayo iodini ni ile dawa ya rangi ya hudhurungi inayopakwa kwenye kidonda. Lakini kila moja ikipokea elektroni moja inatulia na kuwa ioni yenye chaji hasi. Hapo jina linabadilika: florini inakuwa floridi, klorini inakuwa kloridi, bromini inakuwa bromidi, na iodini inakuwa iodidi.

Tofauti hiyo ya jina ni ndogo lakini ina maana kubwa. Klorini huua vijidudu. Kloridi haiui kitu, ni nusu ya chumvi ya kawaida ya mezani. Kwa hiyo maji yenye ladha ya chumvi hayana maana ya kuwa yametiwa dawa. Yanaweza kuwa na kloridi nyingi na bado yakabeba kipindupindu. Nayo maji yaliyotiwa klorini vizuri huwa hayana ladha ya chumvi hata kidogo, yana harufu kidogo tu. Tafadhali mwelezeni jirani jambo hili.

2. ULIMI NA MACHO HAVITOSHI

Shirika la Afya Duniani linasema kloridi ikizidi kama miligramu 250 katika lita moja, watu huanza kusikia ladha. Chini ya hapo ulimi haujui kitu. Kisima kinaweza kutoka miligramu 15 hadi 120 bila mama yeyote kugundua tofauti katika chai.

Je, hilo lina ubaya gani, ikiwa kloridi yenyewe si sumu kwa kiasi hicho? Ubaya uko kwenye sababu ya kupanda. Kila siku mwili wa binadamu hutoa gramu kadhaa za chumvi kwa njia ya mkojo. Choo kikichimbwa karibu mno na chemchemi au kisima, kloridi ya mkojo hupita ardhini pamoja na maji. Udongo huweza kuzuia uchafu mwingi, lakini kloridi hauzuii. Ndiyo maana wataalamu wa maji huiangalia kama mlinzi wa mlangoni: ikipanda ghafla bila sababu ya ardhi yenyewe, ni lazima kuuliza nini kingine kimepita nayo.

Kwa hiyo tunahitaji namba, na namba ile lazima iwe sahihi ili tuweze kulinganisha mwezi huu na mwezi uliopita.

3. DAWA YA FEDHA, TONE KWA TONE

Njia ya kupima kwa matone huitwa titresheni. Wazo lake ni rahisi. Chukua mfano wa mtu mwenye gunia la kufuli asizojua idadi yake. Anachukua funguo ambazo amezihesabu, anatia moja katika kila kufuli. Funguo ya kwanza ikikosa kufuli, basi anajua kufuli zilikuwa ngapi.

Katika maji, "kufuli" ni ioni za kloridi. "Funguo" ni ioni za fedha. Hapa simaanishi pesa, namaanisha madini ya fedha yanayotengenezewa pete na mikufu. Dawa inayotumika ni nitrati ya fedha iliyoyeyushwa katika maji safi. Ioni moja ya fedha ikikutana na ioni moja ya kloridi, zinashikana na kuwa chembe nyeupe isiyoyeyuka. Maji yanakuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, halafu mashapo yanatua chini.

Dawa hutoka katika bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama za mililita na bomba dogo chini. Mpimaji hudondosha polepole huku akikoroga. Kazi ngumu ni kujua tone lipi limemaliza kloridi ya mwisho. Mwaka 1856 mkemia wa Ujerumani, Karl Friedrich Mohr, alitumia rangi: alitia kromati ya potasiamu, na kloridi ilipokwisha, fedha iliyobaki ikashikana na kromati na kuleta rangi nyekundu ya matofali. Njia hiyo bado inatumika. Lakini ina udhaifu. Jicho la mtu huyu si jicho la yule. Maji yakiwa na tope au rangi ya majani, mtu hawezi kuona badiliko vizuri. Na kromati ni sumu, haifai kumwagwa ovyo.

4. UMEME UNAINGIAJE?

Ukichovya waya wa fedha safi ndani ya maji, waya huo "unasikia" wingi wa ioni za fedha zilizomo. Ioni zikiwa chache, volti yake inakuwa chini, zikiwa nyingi inapanda. Mwaka 1889 Walther Nernst alionyesha kanuni yake: kwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kila ioni za fedha zinapoongezeka mara 10, volti ya waya hupanda kwa kama milivolti 59. Waya wa pili, unaoitwa elektrodi ya rejea, hukaa pembeni bila kubadilika, kama jiwe la kupimia urefu wa mto. Mita ya volti husoma tofauti kati ya hizo mbili.

Mwaka 1893 huko Leipzig, Robert Behrend alikuwa wa kwanza kutumia wazo hili kumalizia titresheni. Yeye alitumia zebaki badala ya fedha, akapima kloridi, bromidi na iodidi. Tangu hapo jicho likapata msaidizi asiyechoka.

Tuangalie mfano wa hesabu. Tunachukua mililita 100 za maji ya kisima. Dawa yetu ya nitrati ya fedha imetengenezwa kwa nguvu ambayo mililita 1 inashika miligramu 0.5 ya kloridi. Tunadondosha na kusoma mita:

Mililita 6.0 za dawa: milivolti 208
Mililita 10.0: milivolti 238
Mililita 11.0: milivolti 256
Mililita 11.5: milivolti 272
Mililita 12.0: milivolti 313
Mililita 12.5: milivolti 354
Mililita 13.0: milivolti 371

Angalia vizuri. Kutoka mililita 6 hadi 10 tumetia dawa nyingi, lakini mita imepanda milivolti 30 tu, kwa sababu kila fedha inayoingia inanyakuliwa na kloridi. Kutoka 11.5 hadi 12.5, yaani mililita 1 tu, imeruka milivolti 82. Baadaye inatulia tena. Katikati ya mruko huo, kwenye mililita 12.0, ndipo kloridi ilipokwisha. Pale ndipo kikomo.

Sasa hesabu: mililita 12 mara miligramu 0.5 ni miligramu 6 katika mililita 100. Katika lita moja ni mara kumi, yaani miligramu 60. Hiyo ndiyo namba itakayoandikwa kwenye karatasi: kloridi, miligramu 60 kwa lita.

Faida ya njia hii ni kwamba tope halidanganyi waya kama linavyodanganya jicho. Pia hatutafuti volti fulani maalumu, tunatafuta mahali ambapo volti inaruka. Hata mita ikiwa inasoma milivolti 5 zaidi kila mara, mruko unabaki pale pale.

5. KILA MMOJA KWA ZAMU YAKE

Je, maji yakiwa na kloridi, bromidi na iodidi pamoja, fedha itamchukua nani kwanza? Itamchukua yule anayeshikana nayo kwa nguvu zaidi. Iodidi huanguka kwanza, halafu bromidi, na kloridi mwisho. Tofauti ni kubwa sana: kwa kiasi sawa, iodidi huanza kuanguka fedha ikiwa pungufu zaidi ya mara milioni moja kuliko inavyohitajika kwa kloridi. Kwa hiyo mita huonyesha miruko mitatu, kama ngazi yenye vidato vitatu. Kidato cha kwanza ni hesabu ya iodidi, cha pili ni bromidi, cha tatu ni kloridi. Jicho na rangi haviwezi kutenganisha hivyo.

Floridi haimo katika ngazi hii. Fedha na floridi huyeyuka pamoja katika maji, hakuna mashapo. Ndiyo maana kwa floridi inahitajika elektrodi nyingine, tutaieleza baadaye.

Yuko pia binamu wa ukoo huu: thiosianati. Si halojeni, lakini nayo hushikana na fedha kama wenzake. Tunamtaja kwa sababu mwili wa mtu anayekula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hutengeneza thiosianati kutokana na sianidi ya muhogo. Mbele kidogo mtaona madhara yake.

6. KUHESABU BILA BURETI

Kuna njia nyingine ambayo mpimaji hahitaji kudondosha dawa. Badala yake, mkondo mdogo wa umeme unapitishwa kwenye kipande cha fedha kilichochovywa ndani ya sampuli. Umeme unang'oa ioni za fedha moja moja kutoka kwenye kipande hicho na kuziachia ndani ya maji. Kloridi inazishika. Elektrodi nyingine inasubiri, na kloridi inapokwisha inasimamisha saa. Wakemia wawili wa Hungaria, Szebellédy na Somogyi, walieleza titresheni ya aina hii mwaka 1938.

Hapa hesabu inafanywa kwa umeme wenyewe. Kulingana na sheria ya Faraday, mkondo wa miliampea 10 ukipita kwa sekunde 100 hutoa fedha ya kushika miligramu 0.367 za kloridi. Kama sampuli ilikuwa mililita 10, basi maji yana kama miligramu 36.7 kwa lita. Mpimaji hahitaji dawa yenye nguvu iliyopimwa, anahitaji saa sahihi na mkondo usioyumba. Mashine za namna hii zilitumika miaka mingi katika maabara za hospitali kupima kloridi ya damu na ya jasho.

7. IODINI YA CHUMVI: KIDOGO MNO NA NYINGI MNO

Sasa tufike jambo ambalo limewagusa watu wa ukanda wetu wa Kivu kuliko mahali pengi duniani.

Mwili unahitaji iodini kidogo sana: kwa mtu mzima maikrogramu 150 kwa siku, kwa mama mjamzito 250. Ikikosekana, tezi ya shingo inavimba na kuwa rovu. Mama mjamzito akiikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo ambao haukukua vizuri. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho ndani ya Ziwa Kivu kaskazini mwa Bukavu, watafiti wa Ubelgiji, akiwemo François Delange na André Ermans, walichunguza rovu tangu miaka ya 1960. Waliona jambo la kushangaza: iodini ilikuwa pungufu kisiwani kote, lakini rovu lilikuwa limeenea zaidi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo. Thiosianati, yule binamu tuliyemtaja, huizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa chumvi yenye iodini. Imewasaidia mamilioni ya watu, na tunaendelea kuihimiza. Lakini mwaka 1996 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Kivu kuhusu watu ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini kuingia. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda ingawa anakula. Walio hatarini zaidi ni watu wazima waliokaa na rovu lenye vinundu kwa miaka mingi, kisha ghafla wakapata iodini nyingi.

Hata kambini jambo hili limeonekana. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa kambi 6 za wakimbizi za mashariki, kaskazini na kusini mwa Afrika. Katika kambi 5 kati ya hizo, kipimo cha kati cha iodini kwenye mkojo kilipita maikrogramu 300 kwa lita, kiasi ambacho huhesabiwa kuwa kimezidi. Katika kambi 3 ambako chumvi ya nyumbani ilipimwa, sampuli zilizopita miligramu 100 za iodini kwa kilo zilikuwa kati ya asilimia 10 na 83. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipendekeza miligramu 15 hadi 40 kwa kilo chumvi inapofika nyumbani.

Sasa fikiria kile kichupa cha kupima chumvi kwa haraka. Tone likidondoshwa, chumvi inageuka bluu au zambarau. Kinakwambia iodini ipo au haipo. Hakikwambii vizuri kama ni miligramu 20 au 120. Kwa mama wa Idjwi na kwa mzee mwenye rovu la vinundu, tofauti hiyo ni kubwa.

Maabara inafanya hivi. Iodini ya chumvi yetu kwa kawaida huwekwa kama iodati ya potasiamu. Gramu 10 za chumvi zinayeyushwa katika maji, inatiwa asidi kidogo na iodidi ya potasiamu. Iodati inageuka iodini huru, maji yanakuwa ya manjano. Halafu inadondoshwa dawa iitwayo thiosalfati, inayomaliza iodini tone kwa tone. Kwa kawaida kikomo huonekana kwa wanga: rangi ya bluu inatoweka.

Njia ya umeme ya kuona kikomo hicho ni nzuri sana kwa urahisi wake. Nyaya mbili ndogo za platini zinachovywa, na volti kidogo sana inawekwa kati yake. Maadamu iodini na iodidi zote zimo, mkondo unapita, kwa sababu iodini inapokea elektroni kwenye waya mmoja na iodidi inaziachia kwenye waya wa pili. Iodini ikiisha, hakuna wa kupokea, na sindano ya mita inaanguka karibu na sifuri. Foulk na Bawden wa Marekani walieleza njia hii mwaka 1926.

Hesabu yake, dawa ikiwa na nguvu ya kawaida ya moli 0.005 kwa lita: kila mililita 1 ya thiosalfati ni kama miligramu 10.6 za iodini kwa kilo ya chumvi. Ikitumika mililita 1, chumvi ni dhaifu. Ikitumika 3, ina kama miligramu 32, nayo ni nzuri. Ikitumika 12, ina kama 127, nayo imezidi. Kichupa cha haraka kingeweza kuonyesha bluu kwa zote tatu.

8. FLORIDI NA MENO YA KAHAWIA

Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi kwa mtoto ambaye meno yake bado yanajengwa, meno hutoka na madoa meupe au ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa inakakamaa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo ya volkano yanajulikana kwa tatizo hili: Arusha na Nakuru katika Bonde la Ufa, na karibu nasi maeneo yanayozunguka Nyiragongo na Nyamulagira, ambako moshi wa volkano huweza kutia floridi hata katika maji ya mvua. Kwa hiyo mzazi anayeona madoa ya kahawia asimgombeze mtoto kwamba hapigi mswaki. Madoa hayo yaliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi.

Kwa kuwa fedha haiwezi kushika floridi, wataalamu wawili wa Marekani, Frant na Ross, walitengeneza mwaka 1966 elektrodi yenye kioo cha floridi ya lanthanamu. Kioo hicho "kinasikia" floridi kama waya wa fedha unavyosikia fedha. Mtu anaweza kusoma volti moja kwa moja, au akadondosha nitrati ya lanthanamu na kungoja mruko, kama tulivyofanya kwa kloridi.

Kumbuka: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi wala kloridi. Maji yakipungua kwenye sufuria, chumvi hizo zinabaki na kukolea zaidi.

9. NA KLORINI YENYEWE?

Klorini ya kutibu maji hupimwa palepale bombani, kwa sababu huisha haraka kwa jua na kwa uchafu. Kidonge kinageuza maji kuwa ya waridi, na rangi inalinganishwa na kipande cha kupimia. Wakati wa hatari ya mlipuko tunataka angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Maabara kubwa nazo huipima kwa matone na umeme, lakini kwa bombani kidonge kinatosha. Klorini ikishafanya kazi yake inageuka kloridi, lakini ni kiasi kidogo mno kuleta ladha ya chumvi.

10. TUFANYE NINI SISI WAKAZI?

Titresheni haifanywi nyumbani. Nitrati ya fedha huchoma macho na kutia ngozi weusi. Lakini kazi ya maabara huanzia mikononi mwetu:

- Chupa ya sampuli isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa. Chupa iliyokuwa na chumvi, samaki au dawa isitumike. Kwa floridi itumike chupa ya plastiki.
- Andika jina la kisima, tarehe, na kama mvua ilinyesha.
- Choo kisichimbwe mahali ambapo maji yake yatashuka kuelekea chemchemi. Ukiona kinachimbwa, toa taarifa kabla hakijaisha.
- Chumvi ihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moshi na unyevu. Itiwe mwishoni mwa kupika.
- Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au zaidi, maji yamwagwe, kisha uanikwe mpaka ukauke vizuri kabla ya kusaga.
- Mtu mwenye rovu la muda mrefu akianza kukonda, kutetemeka au moyo kwenda mbio, apelekwe kituo cha afya. Asiache chumvi ya iodini kwa ushauri wa jirani, apimwe kwanza.
- Majibu ya maji au chumvi yanapotangazwa, uliza mambo matatu: namba ni ngapi, kipimo chake ni nini, na mara iliyopita ilikuwa ngapi?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jirani anasema maji yana chumvi kwa hiyo ni salama. Utamjibu nini?
2. Sampuli ya mililita 100 imetumia mililita 20 za dawa ile ya fedha. Kloridi ni kiasi gani kwa lita?
3. Kwa nini floridi haipimwi kwa nitrati ya fedha?
4. Chumvi imegeuka bluu kwenye kichupa cha haraka. Je, tumejua kiasi cha iodini?

Majibu: (1) Ladha ya chumvi ni kloridi, haiui vijidudu, kinachoua ni klorini. (2) 20 mara 0.5 ni miligramu 10 katika mililita 100, yaani miligramu 100 kwa lita. Kama mwezi uliopita ilikuwa 60, iulizwe sababu. (3) Floridi ya fedha huyeyuka, haileti mashapo. (4) Hapana. Tumejua ipo. Kiasi kinahitaji titresheni.

Ndugu msomaji, ukipata majibu yote manne, mfundishe mwingine. Ukikwama, mwone mhamasishaji wa afya wa eneo lako siku yoyote ya kazi, mlisome somo hili pamoja.